Waliozaliwa Januari Mosi

Kosa langu la kwanza Doha lilikuwa kuwafuta wazee. Nilijifundisha takwimu mwenyewe, na ofisi yetu ya mtaa wa West Bay ilinipa kazi ya kusafisha rekodi za maelfu ya watu waliopimwa ili ijulikane mwili unavyozeeka. Nikakuta wengi mno wamezaliwa Januari mosi. Kwa wasiwasi wangu wa kutotaka doa lolote, niliona ni makosa ya uandishi, nikawaondoa wote. Waliobaki karibu wote walikuwa vijana.

Dada mmoja Mkenya, muuguzi aliyewapima, alikuja mezani kwangu na chai ya karak, ile nzito ya maziwa na iliki.

"Wee kijana, wazee wangu umewapeleka wapi?"

Nikamweleza. Akacheka.

"Na babako alizaliwa lini?"

Hapo ndipo nikakumbuka. Kitambulisho cha baba kinasema Januari mosi, kwa sababu hakuwa na cheti cha kuzaliwa; karani alikisia mwaka, siku akajijazia.

"Basi mfute na yeye," akasema, akinisogezea kikombe.

Jioni ile niliwarudisha wote, nikaandika kwamba umri wao ni wa kukadiria. Siku hizi sifuti mtu kabla ya kumuuliza aliyempima.