Majani ya Mutomo na Jino la Shiundu

Hebu mwone Kavutha akija. Ni asubuhi, mwaka wa tisini na sita, anakata kona ya Soko la Burma wachinjaji wakiosha sakafu, na kwapani amebana chupa ya chai. Usimwombe kikombe. Ndani mna maji ya mwarobaini, yamechemshwa na kuchujwa kwa kitambaa mara tatu. Majani mama yake humtumia kutoka Mutomo kwa dereva wa basi.

Kwa miaka kumi na minne Kavutha alikuwa msaidizi katika kliniki ya meno ya vyumba viwili. Alianza kwa kufagia. Wagonjwa walimwita Sista, naye hakuwasahihisha. Waliong'olewa jino aliwapa maji yale wasukutue, na Daktari Gichuru, mwenye kliniki, hakumkataza.

Ndipo akaja mzee Shiundu wa Makongeni, mpiga tarumbeta wa bendi ya kanisa. Jino lake la mbele lilikuwa limeoza mpaka kwenye mzizi. Likitoka hilo, tarumbeta haina pa kuegemea. Daktari akatayarisha klorini ya kusafishia mzizi. Mzee akafumba mdomo, akaufumbua kusema tu.

"Hiyo nilitiwa kwingine mwaka jana. Ikapenya, ikanichoma, shavu likafura kama andazi. Siitaki!"

"Mzee, klorini ndiyo inayokula uozo mle ndani."

"Nitilie ile dawa chungu ya Sista."

"Ya Sista ni ya kusukutua. Nani ameipima ndani ya mzizi?"

"Mama yake! Na meno anayo yote!"

Daktari alicheka. Kavutha hakucheka, alijua mzee akitoka pale hivyo, jino hilo halina wa kuliokoa.

"Daktari, si tujaribu? Tukwangue kwa muda mrefu zaidi, tusuuze kwa maji haya, awe anarudi tukiangalia."

Daktari akakubali, kwa sharti moja: mzee arudi mara mbili zaidi, na mzizi uzibwe kabisa mwishoni.

Siku ya kwanza ilikwenda vizuri. Wakaliziba jino kwa muda tu. Mzee alipokuwa akitoka, Kavutha alimfungia majani ya kiganja kimoja kwenye gazeti, asukutue nyumbani. Ilikuwa huruma tu, jamani.

Mzee hakurudi. Jumamosi moja Kavutha alimkuta Kaloleni, mbele ya jeneza, akipuliza mpaka mishipa ya shingo imesimama. Alingoja wimbo uishe.

"Mzee, tulikungoja Jumanne."

"Nimepona, Sista! Nasukutua asubuhi na jioni. Kwa uchungu ule, mdudu gani atabaki?"

"Mwache mzee wetu, Sista, anapuliza kama kijana!" akadakia mpiga ngoma.

"Maji ya kinywani hayafiki ndani ya mzizi. Njoo tuzibe."

"Nitakuja. Tumalize mazishi haya kwanza."

Na miaka ile, nyinyi mnajua, mazishi hayakuwa yakiisha.

Alikuja baada ya miezi miwili, ufizi umetunga usaha, jino linacheza. Daktari hakumgombeza. Kavutha alimshika kichwa kwa mikono miwili, na jino likatoka bila kubisha.

Mzee alipoweza kusema, alimtazama. Hakuwa na hasira.

"Lakini Sista, si wewe uliyenipa majani?"

Jumamosi iliyofuata bendi ilipita Jogoo Road bila tarumbeta. Shiundu alitangulia mbele, amebeba bendera, midomo ameibana.

Tangu siku ile Kavutha hakumfungia mtu majani tena, ingawa chupa aliendelea kuja nayo. Asubuhi moja akaingia Nekesa, mfanyakazi wa kiwandani, ameshika taya. Daktari alimkwangulia mzizi, akamwambia arudi Alhamisi.

Pale mlangoni Nekesa akatoa kichupa kwenye mkoba.

"Sista, nimiminie kidogo niende nayo. Maumivu yananimaliza, na Alhamisi msimamizi hataniachilia."

Kavutha alikuwa ameshafungua kifuniko cha chupa yake. Mvuke wenye uchungu ukampanda usoni, akasimama hivyo.

Wewe ungemmiminia?