Kibonobono Siyo Mbono

Nilipaswa kuuliza mara ya pili. Bibi alilitamka lile neno kwenye simu, polepole, kama anavyotamka kila kitu, na mimi nikasema "ndiyo, bibi" kama mtu aliyeelewa. Nilikuwa nimeelewa nusu. Nusu nyingine niliijaza mwenyewe.

Bibi yangu mzaa mama anaishi Kibondo. Alikuja kutoka Burundi akiwa msichana, akapata uraia akiwa tayari na wajukuu, na Kiswahili chake ni cha sokoni na kanisani. Mambo ya ndani anayasema kwa Kirundi. Sisi huku Kasulu tumekua na Kiswahili cha shule. Kiha cha mtaani nakisikia, Kirundi cha bibi nakisikia kidogo, ila nikitaka kujibu naanza kutafuta maneno na wakubwa wananicheka. Kwa hiyo huwa sijibu. Na huwa siulizi.

Mwaka ule nilikuwa kidato cha tatu na uso wangu ulikuwa umejaa chunusi. Sisemi chache. Paji lote, mashavu yote, na kidevuni zile kubwa zinazouma hata ukigusa maji. Kipindi hicho habari ya kila mtu ilikuwa ujenzi wa barabara ya kwenda Kibondo. Siku moja niliitwa ubaoni, nikasikia sauti ya mvulana kutoka viti vya nyuma ikisema, "Barabara ya Kibondo imepata lami, huyu bado kokoto." Darasa zima lilicheka. Mwalimu alinyanyua daftari akajifunika mdomo. Hesabu niliijua, lakini niliikosea ili nirudi kukaa haraka.

Nilianza na mawese kwa sababu yako jikoni. Nilijipaka jioni, asubuhi nikanawa vizuri tu, lakini hadi mapumziko kola ya shati jeupe ilikuwa ya njano na mimi nilikuwa wa njano kidogo. Nikahamia mafuta ya mise, yale meusimeusi yanayotoka ndani ya kokwa la mchikichi. Niliyanunua kwa mama mmoja wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu anayeleta bidhaa zake siku za soko. Aliniangalia usoni kwa huruma, akaniambia, "Mwana yangu, hii iko muzuri, utakuwa kama mutoto." Hakunidanganya, ngozi ililainika. Shida ilikuwa harufu, ile ya kitu kilichokaangwa kikasahaulika. Wale wa nyuma wakaanza kuulizana nani kaleta maandazi.

Ndipo nikampigia bibi. Sikumwambia habari za chunusi, niliuliza tu zamani wasichana walikuwa wanapaka nini. Alifurahi sana. Alieleza jinsi bibi harusi alivyokuwa anapakwa wiki nzima, mpaka uso unang'aa ukiwa ndani ya nyumba, na akayataja hayo mafuta: *amavuta y'ikibonobono*. Mimi nikasikia mbono.

Mbono, ile wengine wanayoiita mbono kaburi, naijua tangu nikiwa mdogo. Ni uzio wa shamba letu, ni uzio wa nusu ya mtaa. Unakata fimbo, unaichomeka, inaota. Nilishangaa kwamba dawa ya uso wangu ilikuwa imesimama nje miaka yote hiyo na hakuna aliyeniambia.

Nilichuma matunda yaliyokauka, nikatoa mbegu nyeusi, nikazimenya moja moja. Nilizikaanga kidogo kwenye bati, nikazitwanga, nikazichemsha na maji mpaka mafuta yakapanda juu, nikayaengua kwa kijiko kibovu. Kutwanga nilitumia jiwe nyuma ya choo. Ilinitisha baadaye kufikiri kwamba ningeweza kutumia kinu cha mama, kile anachotwangia sombe, yaani kisamvu. Sikukiacha kwa akili. Nilikiacha kwa kuogopa kuulizwa natwanga nini.

Yalitoka mazuri, ya rangi ya chai ya rangi iliyokolea kidogo, hayana harufu kali. Yalijaza kichupa kimoja cha dawa ya kikohozi.

Jumatano jioni nilijipaka shavu la kushoto. Baada ya muda mfupi likaanza kuwaka, kama umeshika pilipili ukasahau ukajishika. Nikavumilia. Nikashindwa, nikanawa kwa sabuni mara tatu. Asubuhi shavu lilikuwa jekundu na limetuna, ingawa kwenye uso kama wangu nani angetofautisha. Nikajiambia ngozi yangu mimi ndiyo mbovu, haikubali hata kitu cha mabibi harusi. Sikumwambia mtu. Kichupa nilikitia kwenye mkoba wa shule ili mama asikione.

Alhamisi rafiki yangu alikiona. Namwita rafiki kwa sababu ndiye pekee aliyekuwa anakaa dawati moja na mimi bila kuamriwa. Yeye anaongea na kila mtu, na kwenye kwaya ya vijana ndiye anayeanzisha. Jumapili ile walikuwa wanapokea kwaya ya wageni na wimbo wa mapokezi ulikuwa wake. Uso wake hauna shida yoyote ya kusema, vidoadoa viwili vitatu vya jua.

"Kumbe una siri, hunipi," alisema.

Nilimweleza hadithi ya bibi, ya wiki nzima, ya uso unaong'aa ndani ya nyumba. Niliieleza vizuri, mimi ambaye siongei. Macho yake yalivyokuwa yananitazama, nilishindwa kusema kwamba yaliniunguza. Hakuna mtu aliyewahi kuniomba kitu. Nikampa kichupa chote.

Ijumaa alikuja na mashavu mekundu. Alinong'ona kwamba yanawaka, lakini anahisi yanafanya kazi, akauliza kwangu yalikuwaje.

Nikamjibu, "Vumilia, ndivyo yanavyosafisha."

Nimeandika sentensi hiyo kwenye daftari langu mara nyingi nikaikata. Leo naiacha hivyo.

Jioni ile nilichukua simu ya mama akiwa anasonga ugali, nikatoka nje, nikampigia bibi. Nilitaka tu aniambie kuwaka huko kunaisha siku ya ngapi.

"Kuwaka? Ikibonobono hayawaki, yanapakwa hata mtoto mchanga. Umechuma wapi?"

"Kwenye uzio, bibi."

"Kibonobono nani anazungushia uzio?"

Nikasema ni ile mbono, ile ya kando ya shamba. Nikamsikia anavuta pumzi.

"Mwana wanje, ile ni sumu. Mbuzi wenyewe hawaili, ndiyo maana ikawa uzio. Umepaka wapi?"

Aliniambia kibonobono ndicho watu wa huku wanachokiita nyonyo. Nyonyo! Iko nyuma ya shule yetu, ina majani kama kiganja, nimepita hapo kila siku ya maisha yangu. Nilimjibu kwamba nilijipaka kidogo tu na nimenawa. Hilo lilikuwa kweli. La rafiki yangu nililimeza.

Nilipiga simu ya mama yake, haikupatikana. Nikiwa mkweli, sauti ile ya kusema haipatikani ilinipa ahueni, na hapo hapo nikajichukia. Nyumba yao iko ng'ambo ya kijito na giza lilikuwa linaingia. Nilikula matonge mawili. Nililala nikihesabu: Alhamisi kapaka, Ijumaa asubuhi kapaka, sasa hivi anapaka. Je, yakiingia jichoni?

Jumamosi nilivuka kijito kabla umande haujakauka. Njia nzima nilijifunza la kusema: nilikosea mmea, bibi alisema hiki, mimi nikasikia kile. Lilikuwa jambo la kueleweka. Mtu angeweza hata kulicheka.

Mama yake alikuwa anafagia uwanja. Nikamwamkia, "Mwakeye, mama," akaitika, akasema mwenzangu ameumwa na kiwavi, niingie nimwone.

Alikuwa amekaa kitandani ameshika kitambaa kibichi. Mashavu yalikuwa yamevimba, yana vipele vya maji, na jicho moja lilifunguka nusu. Kichupa kilikuwa dirishani, mafuta yamepungua hadi katikati.

Nilisema yote niliyojifunza njiani. Nyonyo, mbono, Kirundi changu kibovu. Alisikiliza, na mwishoni akacheka kidogo kwa upande wa mdomo usiouma. "Yaani umenipaka uzio," alisema. Nikataka kulia kwa furaha. Yangeishia hapo, ningeenda nyumbani.

Kisha akauliza, bila hasira, kama mtu anayetaka kujua tu:

"Sasa mbona wewe hujavimba? Ulipaka siku ngapi?"

Ningeweza kusema ngozi zinatofautiana. Ningeweza kusema mbili. Ufagio wa mama yake ulisikika nje, halafu ukaacha kusikika.

"Moja," nikasema. "Yaliniunguza Jumatano, nikaacha."

"Kabla hujanipa?"

"Kabla sijakupa."

Aligeukia ukutani. Mama yake aliingia, akachukua kichupa dirishani, akanipita bila kunitazama, nikasikia anakwenda kukitupa chooni. Alimpeleka binti yake duka la dawa. Mimi nilibaki uwanjani, sikujua niende au nikae, na mwisho nikaokota ufagio nikamalizia sehemu iliyobaki. Sijui kwa nini. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama mambo yote, na mama akakaa chini kwanza ndipo akaanza kusema.

Jumapili wimbo aliuanzisha mwingine. Rafiki yangu alikaa kiti cha nyuma kabisa, amejitanda kitenge hadi kwenye nyusi.

Vipele vilikauka, ngozi ikabambuka, chini yake ikatoka nyingine. Ilichukua karibu mwezi, na mwezi wote huo alikaa dawati lingine. Kila asubuhi nilimwangalia kwa pembe ya jicho nione kama kuna kovu. Halikubaki. Chunusi zangu, kwa wasiwasi ule, ziliongezeka, na kwa mara ya kwanza sikuzijali.

Bibi alituma kifurushi kwa mtu aliyekuwa anakuja Kasulu. Ndani kulikuwa na kichupa cha mafuta mazito kama asali na mbegu chache alizozifunga kwenye kipande cha kitenge ili nizijue kwa macho: zina madoadoa, zimenona kama kupe aliyeshiba. Nilikaa nacho siku nne. Siku ya tano, wakati wa mapumziko, nilikwenda nikakiweka mbele ya rafiki yangu pamoja na zile mbegu, nikamwambia haya ndiyo yenyewe.

Aliziangalia mbegu muda mrefu, akaigeuza moja kwa ukucha.

"Jina lake sema tena."

"Ikibonobono."

"Sawa. Paka wewe kwanza. Hapa, nikuone."

Nilijipaka shavu la kushoto, lile lile, mbele ya wale wavulana wa nyuma na wote waliokuwepo. Aliniambia kesho nipake tena, na keshokutwa, na yeye atakuwa anaangalia. Kisha akasogea kidogo kwenye benchi, siyo sana, upana wa mtu mmoja mwembamba. Nikakaa. Shavu lilikuwa linateleza, halikuwaka, na bado nilikuwa nasubiri liwake.