Mkia wa Mto Sio

Nilikuwa mtoto wa miaka minane nilipouita Mto Sio uje uani kwa nyanya yangu, na ukaja. Ndivyo nilivyoamini wakati ule, na tafadhali usinicheke kabla sijamaliza.

Ilikuwa mwisho wa mwaka, mwaka mmoja kabla Uganda haijapata Uhuru. Nilikuwa nimekulia Petta, kwao mama, nikizungumza Kidhopadhola. Baba akanileta kwa mama yake, kwenye ukingo wa Uganda wa mto huo, chini ya Busia. Kisamia changu kilikuwa cha kuombea maji ya kunywa tu, kwa hiyo mimi na nyanya, ambaye sote tulimwita Kukhu, tulizungumza Kiswahili cha mpakani. Tulielewana vizuri sana, hasa alipokuwa akinigombeza.

Krismasi ilipokaribia, wanawake walisiriba nyumba upya na kuzipamba kwa udongo wa mtoni: mweupe, mwekundu, na ule wa kijivu unaong'ang'ania kucha. Kukhu alinifundisha kuuamkia mto kwanza, "Mulembe," ndipo tuchimbe. Kisha akaniachia ukuta mzima wa jiko niupambe nitakavyo, kwa sharti moja.

"Chora kuku, chora maua, chora hata mimi," alisema. "Lakini mto usichore. Mto ikiona sura yake kwa ukuta, inakuja kujiangalia."

Akaenda zake Masafu kwenye matanga, akaniacha na shangazi Nabwire, dada ya baba.

Kuku nilimchora, akatoka kama chungu kilichopinduka. Maua yalinichosha. Lakini ule mto niliuona kila asubuhi ukipinda kwenye mafunjo, kijivu huku, mwekundu kule, na nilikuwa nao kichwani hata nilipokuwa nikila. Nikauanzia kwenye pembe ya ukuta, nikaupitisha chini ya dirisha, nikaja nao mpaka mlangoni. Hapo ukuta ukaisha. Nilirudi nyuma nikautazama, nikaona furaha ambayo sijaizoea mpaka leo.

Kesho yake mvua ikaanza. Siku ya nne maji yalikuwa yamefunika shamba la viazi. Siku ya tano yakaingia uani, yakasimama hatua chache tu kutoka kwenye jiko. Sahani yangu ilirudi jikoni ilivyokuja, na mikono yangu niliificha kwapani kana kwamba imeiba.

Kukhu aliporudi, amelowa chapachapa, shangazi alimvuta moja kwa moja hadi ukutani.

"Mama, ona kazi ya mjukuu wako! Umemkataza, akachora. Sasa tunahama na sufuria kichwani. Kutoka leo huyu mtoto asiguse udongo tena. Asichore kitu, hata kwa mchanga!"

Hilo la kuhama halikuniumiza kama hilo la kutochora. Nilimtazama Kukhu, kwa kuwa neno la mwisho lilikuwa lake. Yeye hakunitazama. Aliufuata ule mto kwa kidole, polepole, kutoka pembeni mpaka mlangoni.

"Hii mto yako inaishia wapi?"

"Hapo, Kukhu. Ukuta iliisha."

"Sasa umeona? Umeita mgeni, na njia ya kurudi kwao haukuonyesha. Itakwenda wapi? Inakaa tu hapa kwetu." Akavua kitambaa kilicholowa kichwani, akakikamua. "Leta udongo. Malizia."

Shangazi alisonya mpaka nikamsikia kupita sauti ya mvua.

Tulifanya kazi siku nzima chini ya paa la nyasi, migongo ikilowa. Kukhu alikanda udongo, mimi nikachora. Nikauvusha mto juu ya mlango, nikaukunja kwenye pembe, nikauzungusha nyuma ya jiko, nikaushusha mpaka ukagusa ardhi upande unaoelekea ziwani, kwao mto. Jioni nilikula ugali wa wimbi vipande sijui vingapi.

Mvua ilikatika siku ya tatu baada ya hapo, na maji yakaanza kurudi. Jiko halikuanguka. Viazi vilioza vyote.

Najua, najua. Mvua ile ilinyesha kote, na mito ilifurika hata kwa watu ambao hawakuwahi kuchora chochote. Lakini nilikaa na imani ile miaka mingi, na sehemu yake ningali nayo. Sijawahi kuchora Mto Sio ukikwama ndani ya picha.

Nilipokuwa mtu mzima, tayari nikiitwa mchoraji, nilimuuliza Kukhu kama kweli alidhani mkia wa udongo ungeyaondoa maji. Alikuwa akipepeta wimbi, wala hakuinua macho.

"Mto ilikuwa itarudi yenyewe," alisema. "Wewe ndio ulikuwa haukuli."

Watu huniuliza kwa nini nimechora mto mmoja maisha yangu yote, na mimi huwajibu habari za rangi na mafunjo. Ni jibu la kweli, ila si lote. Mikono yangu ilikuwa imeshahukumiwa siku ile, nami nilikuwa nimeikubali hukumu. Mwanamke ambaye viazi vyake vilikuwa chini ya maji kwa sababu yangu, au ndivyo sote tulivyodhani, akaitazama mikono hiyo na kuipa kazi.