Kikohozi cha Mkwe

Mama yangu hakuwahi kula mbele ya mume wangu. Kwetu Olbalbal, kwa Wamaasai, mtu na mama mkwe wake hawaonani wakitafuna, na majina ndiyo kabisa hayatajwi. Siku ya harusi mume wangu alimpa mama kondoo, na tangu hapo wakawa wanaitana “paker”, kwa ajili ya kondoo huyo, basi. Mimi niliyesoma shule ya bweni nikajiona mjanja wa mji, mila hiyo ilinichekesha. Mume wangu, dereva aliyeshinda akiteremsha watalii kwenye kreta kuona wanyama, hakucheka hata kidogo.

Miaka ya mwanzo ya elfu mbili, mama alitoka na ndama, ndama wakarudi peke yao. Yeye alikutwa kesho yake, amekaa kwenye vumbi, hajui kwao ni wapi. Kaka zangu walikuwa wamehamia Arash na ng'ombe, kwa hiyo nilimchukua mimi, nikamleta Karatu. Mume wangu alimjengea chumba uani, mlango ukitazama shamba la jirani, ili wasigongane. Kila jioni akirudi kazini alikohoa kwenye kona ya nyumba, kikohozi kizito cha heshima, mama apate kuingia ndani au kujifunika shuka. Watoto walikiiga kikohozi hicho mpaka nikawakaripia.

Hospitalini tulimkuta daktari wa kike aliyekuwa pia akifanya utafiti wa chuo kuhusu wazee wanaosahau. Alimwamkia mama vizuri, kisha akasoma swali la kwanza: leo ni tarehe ngapi? Nikatafsiri kwa Kimaasai. Mama akanitazama kana kwamba mgonjwa ni mimi.

“Daktari, huyu hajawahi kujua tarehe hata alipokuwa mzima,” nilisema, na sikusema kwa upole.

Akacheka, akaweka kalamu chini. “Kweli, dada. Maswali haya yalitungwa kwa watu waliokaa darasani. Hebu mwulize ng'ombe aliyempenda zaidi alikuwa na rangi gani.”

Mama alimweleza ng'ombe huyo mpaka alama ya sikioni. Daktari akatabasamu. “Na asubuhi hii amekula nini?”

Mama akautafuta uso wangu kwa macho ya mtoto aliyepotea sokoni, na mimi nikatamani tusingekuja.

“Huu ni ugonjwa wa ubongo,” daktari aliniambia baadaye. “Si uzee tu, na wala hajarogwa. Dawa ya kuuponya hatuna. Msibishane naye. Ninachoogopa ni huku kukonda. Mkono wowote atakaoukubali, alishwe kwa mkono huo.”

Shida ni kwamba mkono wangu hakuutaka. Aliniona mimi ndiye mke mwenzake wa zamani, nimekuja kumtilia sumu. Alikaza meno, uji ukamwagikia kifuani. Jirani yetu alikuja kumwombea, akaomba kwa roho safi kabisa, uji ukapoa. Mifupa ya mabega ilianza kutokeza chini ya shuka, nami nikaanza kukubali moyoni kwamba mama yangu atakufa kwa njaa nyumbani kwangu, sufuria likiwa jikoni limejaa.

Jioni moja mume wangu akakohoa kwenye kona kama kawaida. Mama, badala ya kujifunika, akakimbilia mlangoni, akamwita kwa jina la kaka yake, mjomba wangu aliyekufa zamani.

“Umechelewa! Njoo tule.” Akamshika mkono.

Mume wangu hupita na gari karibu na nyati bila kupepesa macho. Siku ile alijaribu kuuchomoa mkono. “Atajua,” aliniambia kwa sauti ya chini. “Siku akili ikirudi, atajua nimemfedhehesha.”

“Basi ikirudi imkute hai!” Nilimfokea, kwa sababu niliogopa.

Akakaa. Akachukua kijiko. Mama alikula mpaka bakuli likakwanguka, huku akimwuliza habari za punda waliokufa kabla mimi sijazaliwa, na mume wangu akijibu kwamba punda hawajambo.

Ikawa hivyo kila jioni, na mama akarudi kujaa mashavu. Nilimpenda mume wangu wakati ule kuliko siku ya harusi. Sijawahi kumwambia, ila nadhani anajua.

Halafu siku moja, uji ukiwa mdomoni, mama akaacha kumeza. Akamtazama sana. Akavuta shuka akafunika uso.

“Paker,” alisema chini ya nguo, kwa sauti yake ya zamani, ya mama mwenye boma lake. “Unafanya nini humu?”

Na sisi tulikuwa tumemwomba Mungu akili zake zirudi! Mume wangu alitoka kinyumenyume, kijiko mkononi. Mama alilia kwa aibu, akakataa kula siku hiyo na iliyofuata, mpaka usahaulifu ulipomchukua tena akaanza kumwulizia kaka yake.

Tangu hapo mume wangu alibeba bakuli mpaka mlangoni, akakohoa, akasubiri kusikia ataitwa nani. Akiitwa “paker”, alinipa mimi bakuli akazunguka nyuma ya nyumba. Akiitwa kwa jina la yule kaka, aliingia. Siku za “paker” zikawa chache, kisha zikaisha. Mimi sikujua kama nifurahi au nilie, nikalia.

Mwisho hata jina la kaka likapotea. Jioni hiyo mume wangu alikohoa, hakuitwa. Akakohoa tena. Akanigeukia, bakuli linafuka moshi.

“Leo mimi ni nani?” alininong'oneza.

Nikausukuma mlango. Mama alikuwa amekaa kitandani, shuka limeanguka mabegani, uso ameuelekeza kule kikohozi kilikotoka, na kinywa amekwisha kukifungua.