Mshale wa Kurudi Nyuma

Jamani, shangazi wa watu alikuwa ameijaza ile fomu mara tatu! Kurasa sita za kuomba nafasi ya upasuaji wa macho, na jicho lake la kulia halioni ila ukungu. Maombi yalikuwa yanafungwa saa sita mchana. Ukikosa, ungoje mwaka mzima, na daktari alishasema jicho halitafika huko.

Kila akifika ukurasa wa tano anakumbuka kosa la nyuma, anabonyeza mshale wa kurudi, na tovuti inamtupa mwanzo kabisa, fomu nyeupe pe. Saa tano kasorobo akampigia simu binti wa kaka yake, fundi wa tovuti.

"Mwanangu, aliyetengeneza kitu hiki hana mama? Hana hata shangazi?"

Fundi akaivuta kompyuta yake. Aliyetengeneza ni yeye mwenyewe! Bosi alitaka watu wasizurure, waende mbele tu, naye fundi akaandika mistari mitatu: mtu akirudi nyuma, mpeleke mwanzo. Wakaijaribu wiki nzima. Lakini ofisini kwao kila mtu hujaribu kwa jina lilelile la kubuni, anabonyeza mbele, mbele, mbele, kisha huyo, chai. Arudi nyuma kusahihisha nini? Wataalamu wazima, ovyo kabisa!

"Nipe nusu saa, shangazi."

"Nusu saa! Unadhani jicho lina subira?"

Akaifuta ile mistari bila kumwuliza bosi. Akafanya kila ukurasa uingie kwenye kumbukumbu ya kivinjari pamoja na majibu yake, ili mshale urudishe hatua moja tu. Bosi akaja kusimama nyuma yake, anafoka. Hakugeuka.

Zimebaki dakika kumi, shangazi ameanza tena, yuko ukurasa wa tano, simu sikioni. Ghafla akaguna. "Nimeandika jicho la kushoto."

"Rudi nyuma urekebishe."

"Sirudi ng'o! Bora wapasue hilohilo zima kuliko nianze upya."

"Bonyeza, shangazi. Nimeshaitengeneza. Na ile mbovu pia niliitengeneza mimi."

Ukasikika mlio mdogo wa kubonyeza.

"Jina langu bado lipo," shangazi akasema taratibu. Akarekebisha, akatuma. "Kumbe shangazi ulikuwa naye. Ila hukumwuliza."