Kopo la Famasia

Huko chini ya hoteli, kwenye chumba cha kufulia kisicho na dirisha hata la kuchungulia, kila mtu alimwita Famasia. Hakuwa na cheti cha dawa wala cha kitu kingine chochote. Alikuwa mpiga pasi. Lakini kwenye mfuko wa aproni yake hakukosa kopo dogo la bati, zamani la peremende, limejaa vidonge vya maumivu vya kila rangi. Ukiguna tu, umeshapewa. Mgongo? Chukua hiki. Goti? Meza viwili, shushia na chai. Watu walimpenda kwa hilo, na yeye, tuseme ukweli, alipenda kupendwa.

Mwenyewe alimeza kila asubuhi kabla hata hajawasha mashine. Angefanyaje? Mashine ile ya pasi unaikanyaga kwa mguu na kuivuta kwa mkono, huku mvuke ukikuchemsha uso, na msimamizi alishasema siku nyingi kwamba kiti hakipigi pasi. Miguu ilipoanza kuvimba jioni, akasema ni kusimama tu. Hata alipomtafutia mdogo wake kazi kwenye mashine ya jirani, siku ya kwanza alimwonyesha mahali pa kutundika mkoba, na siku ya pili akamfungulia kopo.

Kilichompeleka hospitali ni kichwa kilichogoma kupona kwa vidonge vyake vyote. Muuguzi akampima presha, akakunja uso, akampima tena. Wakataka mkojo, wakamtoa na damu. Majibu yalipotoka, daktari akalitazama kopo alilokuwa amelitoa mfukoni, akavuta kiti karibu, na Famasia akajua mambo si mazuri.

"Figo zako zinafanya kazi chini ya nusu, mama."

"Lakini siumwi popote huko!"

"Ndiyo ubaya wake. Zinaharibika kimya kimya. Presha imezipiga kwa miaka, na hivi vidonge vya kila siku vikazidi kuzichosha. Kilichoharibika hakirudi, ila kilichobaki tunaweza kukilinda. Dawa ya presha usikose, chumvi punguza, vipimo njoo, na hivi vya maumivu usiguse bila kutuuliza. Ukipuuza, utaishia kwenye mashine ya kusafisha damu. Nani anakupa vyote hivi?"

Famasia akatazama sakafu. "Mimi ndiye ninayewapa wengine."

Kesho yake akalitupa kopo kwenye pipa la chumba cha kufulia, akatangaza kwamba duka limefungwa, na kila mtu akapime presha na mkojo. Wenzake wakacheka, wakidhani ni utani wake wa kawaida. Magoti yake hayakuwa na utani. Dawa nyepesi aliyopewa na daktari haikufua dafu. Akaomba kiti, msimamizi akamjibu kwamba huko nje wanaotaka kusimama ni wengi. Akajiona amebanwa kotekote. Akimeza, figo zinakwenda. Asipomeza, kazi inakwenda, na kazi ikienda, hiyo dawa ya presha atainunua kwa pesa gani? Alikuwa akikanyaga mashine huku akilia, na kwa bahati mvuke ulimfichia machozi.

Asubuhi moja mdogo wake akamgusa bega.

"Dada, shika."

Lilikuwa kopo lilelile. Alikuwa ameliokota pipani, akaliosha, akalijaza upya. Nyuma yake wenzao wawili walikuwa wanashushia vidonge na chai.

"Umewaacha watu wanateseka," mdogo wake akasema kwa upole. "Hata wewe unateseka, nakuona. Nimekuwekea vile vyako vya njano."

Tusidanganyane, Famasia alivitamani hadi mate yakamjaa mdomoni. Mkono ulikuwa umeshanyooka wenyewe macho yake yalipoangukia viatu vya mdogo wake. Kamba zilikuwa zimefunguliwa zote, na nyama ya miguu imefurika juu ya kiatu.

"Miguu imefanya nini?"

"Si kitu. Ni kusimama tu."

Famasia akainama, akambonyeza mguu kwa dole gumba. Alipoliondoa, shimo likabaki palepale.

"Umepima mkojo?"

"Nitaenda, dada. Leo mashuka ni mengi. Kwani wewe mwenyewe ulienda kabla kichwa hakijakushinda?"

Maneno yote aliyoyasikia Famasia yalikuwa ya kwake mwenyewe. Akalishika kopo avute, mdogo wake hakuliachia, wakabaki wamelishika wote wawili, vidonge vikigongana ndani.

"Si ni wewe uliyenifundisha?" mdogo wake akasema, machozi yakimlengalenga. "Sasa unataka nijifunze nini tena?"

"Kuogopa. Mimi naogopa, mdogo wangu. Naogopa sana."

Akanyoosha mkono uliobaki, akazima mashine ya mdogo wake, kisha yake. Msimamizi akatokeza mlangoni akifoka, nani kazima?

"Mimi," Famasia akajibu. "Tunakwenda hospitali kupima. Ukifukuza, fukuza wote wawili."

Mdogo wake akamtazama msimamizi, akalitazama lundo la mashuka, na kopo bado hajaliachia.