Clive Pragnell na Mji wa Kule

Clive Pragnell alizaliwa Portsmouth, akasoma Portsmouth, akaoa Portsmouth. Maisha yake yote ya kazi alipaka meli za kivita rangi ya kijivu, hata kucha zake zikapata utusitusi usiotoka kwa sabuni. Rangi aliyoipenda ni buluu ya Pompey, timu yetu ya mpira. Alizozichukia ni nyekundu na nyeupe zikipangwa kwa mistari, kwa sababu ndiyo jezi ya wale. Mkewe, Beryl, aliwahi kununua dawa ya meno yenye mistari hiyo kwa kuwa ilikuwa imepunguzwa bei. Clive alipiga mswaki kwa chumvi mpaka Beryl alipoimaliza peke yake.

Wale ni watu wa Southampton, mji jirani, mwendo mfupi tu kwa gari. Clive hakuutaja kamwe. Aliuita "kule". Mtangazaji wa hali ya hewa akifika kule, Clive alizima sauti ya televisheni, na mvua ya kule ikanyesha kimya. Mtaani kwetu Fratton wapo wengi wa namna yake, nasi huwahesabu kuwa wazima.

Kisha valvu ya moyo wake ikachoka, na kwa upasuaji wa namna hiyo watu wa huku kwetu hupelekwa kule.

"Siendi," alisema. "Bora nife hapa hapa."

"Ukifa nani atanipeleka dukani?" Beryl alimjibu. Macho yake yalikuwa yamefifia, akiona kingo za vitu tu. "Utaenda, Clive, na utawashukuru."

"Kwenda nitakwenda. Hayo ya kushukuru tutayaona."

Upasuaji ulikwenda salama. Wiki iliyofuata nilimpeleka Beryl kwa gari langu kumchukua, maana nyumba zetu zimeshikana ukuta. Tulimkuta Clive amekaa kitini, amevaa viatu, koti mapajani, lakini ruhusa hana. Muuguzi wake, Gavin, mtu mnene mwenye ndevu, alituita pembeni.

"Daktari huwauliza wazee maswali kabla ya kuwaachia," alisema. "Dawa ya usingizi huwavuruga wengine. Jina lake amelitaja, mwaka ameutaja. Kaulizwa yuko mji gani, akasema, 'Kule.' Kaulizwa tena, akasema, 'Kwa wale.' Mara ya tatu akasema hapa si mji."

"Sasa?" niliuliza.

"Sasa imeandikwa kwamba hajui alipo. Anahamishiwa wodi ya wazee waliochanganyikiwa. Huko watu hukaa wiki kadhaa. Nimemweleza daktari habari za mpira, kadhani namtania. Ni mgeni, hajui ugonjwa wetu."

Kwa hiyo adhabu ya kukataa kuutaja mji ule ilikuwa kuendelea kuishi ndani yake. Clive alikwisha kulielewa hilo, na bado midomo aliifunga.

"Mzee, sema tu," Gavin alimsihi. "Ni neno tu."

"Wewe ni wa hapa?"

"Nimezaliwa hapa, babu. Hata mechi moja ya nyumbani sikosi."

"Pole sana."

"Pole ni yako. Nyinyi wa kisiwa cha Portsmouth ndio mnaoleta mioyo mibovu tuwatengenezee."

Clive alicheka huku amekishika kifua kwa mikono miwili. Beryl hakucheka. Alikuwa akipapasa kitanda atafute pa kukaa, na hapo Clive akaiona bendeji mkononi mwake.

"Mkono umefanya nini?"

"Birika."

"Si ulisema unajua lilipo?"

"Lilipo najua. Sikujua kama lina moto."

Clive aliutazama ule mkono muda mrefu, na hakumtazama tena Gavin wala mimi.

Daktari Sundaram aliingia, mwanamke mpole mwenye haraka. "Bwana Pragnell, tujaribu tena. Uko mji gani?"

Gavin aligeukia dirisha, kama mtu anavyofanya mwenzake akivua nguo.

"Southampton," Clive alisema.

Alilitamka lote, polepole, kama mtu anayetoa mwiba wa samaki kooni. Daktari akatabasamu, akaandika kwamba mgonjwa ana akili timamu.

Beryl aliushika mkono wangu kwa nguvu. "Umemsikia?" Akamgeukia daktari. "Daktari, tafadhali, mpime tena. Huyu si mzima."

"Amejibu sawasawa, mama."

"Ndilo hilo ninalosema! Miaka yote hii hajawahi."

"Beryl," Clive alisema, "chukua koti twende nyumbani."

Alilichukua. Lakini njia nzima ya kwenda kwenye gari alimtazama kwa pembe ya macho yake yale mabovu, kama anayempokea mpangaji asiyemjua, na mkono alimshika kwa sababu tu ngazi zilikuwa nyingi.